Siku Kumi na Nne

Kwenye karatasi hakuna aliyefukuzwa.
Kalamu imechagua vitenzi vyake kwa makini:
si kuacha, si kuachishwa, ni kuachana;
si kukubali, ni kukubaliana,
ile -ana ndogo mkiani
inayohitaji watu wawili kuibeba,
hata kama mmoja ndiye aliyeileta mezani
na mwingine ameikuta pamoja na kahawa.

Tjitske Bangma, miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha jibini nje ya Bolsward,
aliketi mkabala na Bwana Terpstra
aliyevaa tai siku ya Jumanne.
Ng'ambo ya kioo mikono ya chuma iligeuza
magurudumu ya jibini, safu kwa safu,
bila kusimama kujikuna,
bila kuuliza mama yako anaendeleaje.
"Wewe huna kosa," akasema Terpstra.
"Kifungu cha tatu kinasema hivyo hivyo."

Akakisoma. Kweli kilisema.
Hata mchungaji wa kanisani kwao
hajapata kumtakasa kiasi hicho.

Akaenda kwa wakili Leeuwarden,
kijana wa soksi za njano
aliyesoma kwa kidole na kuguna penye pesa.
Miezi mitatu ikawa saba.
Likizo zilizolala zikaamshwa, zikahesabiwa.
Na kifungu cha kumi na mbili alikidai mwenyewe:
kwamba ataondoka na kijiti chake cha chuma,
kile cha kuchoma jibini na kuvuta moyo wake nje,
uunuse, uuonje,
uurudishe kana kwamba hakuna kilichotokea.
Terpstra akacheka. Kisha akaandika.

Ila kifungu cha mwisho kilimkaba:
"Baada ya hapa hakuna anayemdai mwenzake."
Hakuna?
Na bega la kulia, lisilofika tena rafu ya juu?
Na usiku ule umeme ulipokatika, yeye na marehemu Hylke
wakahamisha jibini mia nne kwa viganja,
wakitukanana kwa mapenzi ili wasisinzie?
Lakini pia: shada kubwa kuliko yote
kwenye mazishi ya mumewe lilitoka kiwandani,
na utepe, na jina limekosewa herufi moja.
Hesabu ya namna hiyo nani anaijua?
Akatia sahihi. Wakapeana mikono.
Wa Terpstra ndio uliokuwa na jasho.

Sheria ya huko ina huruma ya ajabu:
inakupa siku kumi na nne za kujuta.
Andika mstari mmoja, bila sababu, na yote yanafutika.
Siku ya kwanza alilala.
Ya nne alifua aproni ambayo haikuwa chafu.
Ya kumi na tatu akauandika mstari,
akabandika stempu, akapanda baiskeli,
upepo ukimpiga usoni, maana huko upepo hauna adabu,
hadi kwenye sanduku la posta la rangi ya chungwa.

Akasimama, mguu mmoja chini.
Barua ilikuwa nyepesi mno.
Angerudi, sawa, lakini angemrudia nani?
Mikono ya chuma haisogei kukupisha.
Nyuma yake mtoto alishika kadi,
akinyanyua visigino, akisubiri zamu.
Tjitske akampisha.
Akageuza baiskeli; sasa upepo ulimsukuma mgongoni,
na hilo ndilo lililomuudhi.

Siku ya kumi na tano, saa kumi na nusu alfajiri,
hakuna saa iliyolia, naye alikuwa macho.
Akatoa kwenye friji jibini ya dukani,
ya washindani, tena ya bei rahisi.
Akachoma kijiti, akazungusha, akavuta.
Akanusa huku amefumba macho,
kama alivyofumba miaka yote.
"Bado," akaliambia jiko tupu.
"Bado changa. Ipewe siku kumi na nne."